Rekodi ya Ishirini na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Laptopu imezimika mara mbili kabla ya chai ya saa nne. Ijumaa nairudisha kazini ifutwe, nipewe nyingine. Humo mna sauti ya Mama: rekodi arobaini na moja, nilizozifanya kwetu Sironga kabla ya upasuaji wa koo. Sasa hawezi kuongea tena.

Nakala ziko kwenye wingu la mtandao, ila siku nilipozipakia mtandao ulikuwa unakatika. Siziamini. Nilitaka kupakia zote upya juu ya zile. Nikasita. Nilinganishe kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika programu fupi. Inasoma kila faili, inatoa cheksamu yake, inailinganisha na ile ya wingu. Matokeo: hakuna hata moja inayolingana.

Baba akapiga simu. Nikamweleza cheksamu ni kama alama ya kidole ya faili. Likibadilika jambo dogo tu ndani, alama nzima inabadilika.

"Kumbe mama yako ana vidole arobaini na moja," akasema.

Nampenda huyu mzee.

Jumatano, 5 Machi
Kosa ni langu. Wingu lilipokea faili vipande vipande, likapiga hesabu kwa vipande. Mimi nilihesabu faili nzima. Nimerekebisha. Arobaini zimelingana.

Ya ishirini na saba imekataa. Ukubwa uleule, alama tofauti. Ndiyo ile Mama anasimulia nilivyozaliwa. Naogopa kuifungua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua ya laptopu. Dakika ya tisa sauti inakwaruza, kisha kimya. Nimelia ofisini, watu wakiona.

Nikapakua ya wingu. Dakika ya tisa Mama anacheka: "Baba yako alikimbia hadi kwa mkunga, akafika, akasahau alichofuata!"

Nzima, mpaka mwisho. Diski ya laptopu ndiyo mbovu. Ningepakia Jumatatu, ningeizika sauti hii kwa mkono wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Zote ziko kwenye laptopu mpya. Nimeendesha programu mara mbili. Zinalingana. Ile ya zamani nimeikabidhi. Sina kinyongo nayo.

Jumamosi, 8 Machi
Sironga, baada ya ibada ya Sabato. Nimewawekea ya ishirini na saba. Baba amekana habari ya mkunga, neno kwa neno. Mama amecheka kwa mabega tu, machozi yakimtoka, akanionyesha kidole kimoja: tena.

Tumeisikiliza mara tatu. Kisha tukala.