Kompyuta Inasema Limepoa

Ngarenaro, Arusha

Shikamoo shangazi,

Watoto ni wazima, na yule mtamba uliyetuachia amezaa jike.

Gadiel wako hakuwa amelewa, kiwanda kimekudanganya. Waya unaoleta habari za tangi la maji ya moto kwenye kompyuta yetu ulikatika, kompyuta ikabaki ikionyesha kipimo cha joto cha asubuhi, kabla maji hayajachemshwa. Akaamini limepoa, akafungua mfuniko, maji yakamuunguza. Kengele ya hitilafu ingemwonya, ila bosi alishatuamuru tuizime kwa sababu ya kelele.

Nilipomwambia bosi hayo usoni, alinipa zamu ya Gadiel. Waya bado haujatengenezwa. Hata sasa kompyuta inasema tangi limepoa. Nimeligusa, linaunguza, na bosi anasema nifungue.

Mwanao,
Anande