Msusi wa Kariakoo

Jumapili, 9 Februari 2025

Dar es Salaam! Mimi Dorkasi wa Rhotia, niko Dar! Tumefika jana jioni kwa basi, miguu imevimba, sijali. Wiki moja na siku moja tangu harusi. Bosi wa Senteu pale lodge ya Karatu katupa zawadi ambayo bado siiamini: tiketi mbili za ndege ya kurudi. Tunaruka Alhamisi. Mpaka hapo kazi yetu ni kutembea na kushangaa tu.

Joto! Kwetu asubuhi bado navaa sweta. Hapa nimeoga mara tatu. Senteu anasema halimsumbui, huku jasho linamdondoka kidevuni. Nampenda hata akijikaza hivyo.

Dada wa mapokezi ya gesti aliuliza huyu kaka ni nani yangu. Nikasema, "Rafiki yangu." Akatoa funguo mbili! Senteu alicheka mpaka akashika ukuta. Basi, neno "mume" bado kubwa mdomoni. Na rafiki yangu ni kweli, tangu siku alipoingia dukani kwa mama kununua daftari na akanunua manne asiyoyahitaji.

Jumatatu, 10 Februari

Posta. Maghorofa mpaka shingo inauma. Watu kama siku ya mnada Karatu, ila hapa mnada hauishi. Kila mtu ana haraka na kila mtu ana utani. Mimi nawapenda watu wa Dar!

Jioni Coco Beach. Muhogo wa kukaanga, pilipili, ukwaju. Nimeonja maji ya bahari ili nihakikishe. Chumvi kweli. Senteu akasimama na shuka lake jekundu likipepea, akatikisa kichwa: ng'ombe wakiletwa hapa watatushtaki, maji yote haya na hayanyweki!

Jambo moja. Njiani wanawake wanamwita, "Masai, una nafasi?" Nikamuuliza nafasi ya nini. Akasema wanamfananisha tu. Na kesho hataki twende Kariakoo, eti vibaka. Nimemwambia mama anataka vitenge vya Kariakoo, na mimi nitakwenda hata peke yangu.

Jumanne, 11 Februari

Nimejua.

Tulikuwa katikati ya Kariakoo, mkono wangu umeshika shuka lake nisipotee. Mitumba, feni, masufuria, jua la utosi, mtu anapiga kelele na spika. Mara mama mmoja mnene akaacha chapati zake kwenye moto akaja mbio.

"Wewe Masai! Masai wangu! Umenisuka nusu kichwa ukasema unakwenda kula, mwaka wa pili huu hujarudi!"

"Shikamoo, Mama Penina," Senteu akasema, anaangalia chini.

"Shikamoo yako zipelekee hizi nywele! Ona nilivyoharibika! Na huyu nani?"

"Mke wangu."

"Eeh! Bibi harusi, umelamba dume! Wenzio tunapanga foleni, wewe saluni unalala nayo!"

Wauza chapati wote wakacheka. Mimi nikacheka pia, sielewi ninachocheka. Senteu hakucheka.

Tukapanda pantoni kwenda Kigamboni, kwa sababu kwenye pantoni huwezi kuondoka katikati ya maneno. Akaniambia yote. Miaka mitatu alikuwa msusi hapa Kariakoo. Kiti cha plastiki, mwavuli, kitana. Kozi yake ya kuongoza watalii imetoka kwenye vidole vyake. Nyumbani Malambo wanajua alikuwa mlinzi wa ghala.

Nikasema, sasa aibu iko wapi? Morani si mnasukana?

"Morani anamsuka morani mwenzake," alisema. "Kusuka wanawake mjini ni kitu kingine." Kuna kijana wa boma la jirani ilijulikana anasuka Arusha. Wenzake wakaanza kumwita Yeyo, mama. Salamu, Yeyo! Umepika nini, Yeyo? Mpaka akahama. Na Jumamosi hii Mzee Sairowua, baba mkwe wangu, amealika rika lake lote kutupokea bomani. "Akijua," Senteu alisema, "atasimamaje mbele yao?"

Nilinuna mpaka pantoni likagusa ng'ambo. Si kwa sababu ya kusuka! Kwa sababu alinificha. Halafu nikamtazama mikono, jinsi alivyoshika vile vyuma vya pantoni kama mtu anayesubiri hukumu. Nikaishiwa kununa.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwambia: nisuke.

Akakataa. Nikamwambia mimi ni mke wa msusi bora wa Kariakoo na naenda ukweni na nywele kama kiota? Akakubali.

Barazani pa gesti, asubuhi, kabla jua halijakolea. Kitana cha mkia, mafuta kidogo. Sijui niandikeje. Hakunivuta hata mara moja. Mimi niliyezoea kusukwa na mama, kichwa kikiwa kimebanwa magotini, machozi yananitoka! Senteu anagawa nywele polepole, halafu vidole vinakwenda mbio, halafu vinatulia. Anaimba chinichini kwa Kimasai. Nimemuuliza wimbo gani, akasema wa kunywesha ng'ombe.

Mistari kumi na miwili. Haikunyooka tu kwenda nyuma, inapinda kuzunguka masikio, kama njia za ng'ombe zinavyoteremka kwenye maji. Nimejitazama kwenye kioo cha gesti chenye ufa na nikajiona mzuri. Niseme ukweli wangu hapa: mzuri sana!

Dada wa mapokezi akaja na kikombe chake cha chai, akazunguka kichwa changu kama mtu anayekagua gari.

"Dada, rafiki yako ndiye anasuka hivi?"

"Mume wangu," nikasema. Kwa sauti.

Mchana Yeyo Naishorua, mama mkwe, amepiga simu. Yeye na Mzee watatungoja Karatu ili twende Malambo pamoja. Senteu amekaa kitandani muda mrefu na simu mkononi. Tumepatana: nitafunga kitambaa kichwani. Nikiulizwa, niseme msusi wa Kariakoo. "Si uongo," amesema. Si uongo kweli. Mbona basi kitambaa nakikunja na kukikunjua?

Alhamisi, 13 Februari

Ndegeni. Dar yote inaingia kwenye dirisha dogo! Kwaheri, Mama Penina! Senteu amefumba macho, anaogopa, ameniumiza mkono kwa kunishika. Raha tupu.

Alhamisi hiyo hiyo. Ndani ya gari, unisamehe mwandiko

Tulibadilisha ndege Arusha, tukashuka Manyara, taksi mpaka Karatu. Kitambaa nimekisahau kwenye ndege ya kwanza! Nilikivua kwa joto, nikakikalia. Nimegundua wakati Mzee Sairowua anakuja kunisalimu, fimbo mkononi, na kwa Wamasai mkubwa anakusalimu kwa kukugusa kichwa. Nikainama. Ningefanya nini?

"Takwenya."

"Iko," nikaitika.

Kiganja kikabaki pale pale. Kikasogea kidogo. "Nani amekusuka?"

"Msusi wa Kariakoo, Mzee."

"Mwanamke?"

Senteu alikuwa juu ya gari anafunga mabegi. Kamba ikaacha kuvutwa.

"Mwanamume."

"Mmasai?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wa wapi?"

Kusema sijui ilikuwa rahisi. Lakini ningemkana mume wangu kwa kichwa hiki hiki! "Wa Malambo," nikasema. Senteu akaruka chini. "Ni mimi, baba."

Mzee akaingia kiti cha mbele. Supeet, binamu anayetuendesha, akazima redio. Lango la Ngorongoro, msitu, nyani barabarani, hakuna aliyesema hata "nyani wale". Senteu hanitazami. Nimeharibu? Jumamosi itakuwaje?

Sasa tumesimama pale watalii wanapotazama kreta. Mzee amesema, "Simama hapa," akashuka, akamwita Senteu. Mimi na Yeyo tumebaki garini. Baridi, ukungu unapita. Yeyo amegeuka, ameweka kidole kwenye paji la uso wangu, akafuata mstari mmoja mpaka kisogoni. Halafu wa pili. "Sidai," amesema. Hilo neno nalijua, maana yake "nzuri".

Lakini Yeyo siye mwenye wageni wa Jumamosi.

Kioo kimejaa mvuke, nakifuta kwa kiganja. Mzee ameketi kwenye ukuta, mgongo kwa kreta. Senteu amesimama mbele yake, mikono ameificha ndani ya shuka. Mzee anaongea. Anachora chini kwa fimbo. Anaongea tena. Sasa anapigapiga ukuta pembeni yake kwa kiganja, kama mtu anayemwonyesha mwenzake pa kukaa. Senteu hajakaa. Mzee anapiga tena. Senteu anatoa mikono ndani ya shuka, anakaa.