Mshale Unaosema Elfu Nane

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amekuja tena gereji. Hakusalimia. Ameegesha gari katikati ya mlango, kana kwamba sisi wengine tunapitia dirishani. Anataka injini izunguke hadi mara elfu nane kwa dakika! Kiwandani waliiwekea kikomo cha elfu sita na mia tano. Nikamweleza: kuandika nane kwenye kompyuta ya injini ni kazi ndogo mno. Lakini springi zinazofunga valvu ni zile zile za zamani. Injini ikizidi nguvu ya springi, valvu inachelewa kufunga, pistoni inapanda, vinagongana. Kwisha habari. Springi mpya kwanza, kompyuta baadaye. Akacheka. Ati mafundi tunapenda kutisha watu. Ati kama siwezi niseme, wapo wanaoweza.

Na gari lenyewe la dada yangu! Dada aliyenibeba mgongoni, aliyenilea mama alipofariki. Ndilo linalompeleka hospitali, zamu ya alfajiri. Mume analitaka la kushindania Jumapili na wenzake kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Nikampigia dada. Akasema, mdogo wangu, mpe anachotaka, nyumbani kutulie.

Nyumbani kutulie. Haya.

Jumatano, 5 Machi
Nimempa. Mh! Nimempa mshale.

Kikomo cha kweli nimekiweka elfu saba, springi zile zinavumilia. Halafu nikaiambia kompyuta idanganye mshale wa mizunguko: chini useme kweli, juu utie chumvi. Injini ikifika saba, mshale unasoma nane, na hapo hapo kompyuta inaizuia isipande zaidi. Shemeji ameondoka kifua mbele. Hata asante sikusikia.

Jumapili, 9 Machi
Ameshinda. Ameshinda kweli, mjinga yule! Dada amenipigia akicheka — sijui mara ya mwisho nilimsikia lini akicheka vile. Ati mume wangu amekusifu mbele za watu. Miaka yote hii nafufua injini zilizokufa, hakuna aliyefungua mdomo. Leo navishwa kilemba cha ukoka kwa uongo mmoja. Nikasema asante, dada. Ningesema nini?

Jumanne, 11 Machi
Wamekuja watatu, wenzake shemeji wa uwanjani. Wote wanataka elfu nane kama ya shemeji, bila springi. Mwenzangu wa gereji akawapangusia viti! Nimewakatalia wote. Sasa mwenzangu hanisemeshi. Mmoja wao amesema basi, ataenda ng'ambo ya barabara kwa yule fundi tunayemwita Profesa, kwa ajili ya miwani yake. Nendeni. Nendeni mkaue magari yenu.

Jumamosi, 15 Machi
Siri imefumuka.

Shemeji alipeleka gari kwa Profesa amwongezee mia tano juu ya nane. Profesa akachomeka kompyuta yake, akaona kila kitu, akacheka. Gereji nzima ikacheka. Nasikia shemeji alitoka pale anatazama viatu vyake.

Dada amekuja mwenyewe, na sare ya kazini. "Umemfanya mume wangu kichekesho!" Nikasema, dada, nimeokoa gari lako. "Nilikwambia umpe anachotaka. Hukumpa. Umemchezea shere." Nikauliza jambo moja tu: Profesa ameweka ngapi? Akasema hayanihusu. Nikamweleza habari za springi, polepole, kama namfundisha mtoto kusoma. Akasema hata nikimwambia leo ni Jumamosi, ataenda kuangalia kalenda.

Mimi! Dada yangu ananiambia hivyo mimi! Na wote waliosimama pale wakasikia. Nimeumia. Nimeumia sana.

Jumapili, 16 Machi
Mchana huu simu imelia, jina la dada. Nikairukia. Nikadhani anataka tupatane.

Alikuwa ndani ya gari, pembeni ya mumewe, njiani kwenda uwanjani. Ameweka spika. "Sikiliza," akasema, "hii ndiyo nane." Nikaisikia inapanda. Saba naijua kwa sikio. Ikaipita. Nikapiga kelele, mwambie aondoe mguu kwenye mafuta! Wakacheka wote wawili. Ikazidi kupanda — halafu mlio wa chuma, kama misumari ndani ya sufuria. Halafu upepo tu, gari likijikokota lenyewe mpaka likasimama.

Wazima. Nilimsikia dada anahema. Nikamsikia shemeji akizungusha ufunguo bure. Dada ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya kuongea na ndugu wa wagonjwa: njoo na gari la kuvuta, kesho nina zamu. Msamaha hakuniomba. Hata tafadhali.

Nikasema nakuja.

Funguo za gari la kuvuta hizi hapa mezani. Kamba ninayo. Mafuta yamejaa. Nimechemsha chai. Simu inaita tena, ni dada. Naiangalia inavyotetemeka juu ya meza. Chai bado ya moto.