Mfereji wa Baba Yako Uachwe

Tafara,

Nimekwenda kliniki, nitarudi jioni. Sadza na mboga vimefunikwa. Mbakizie mkeo.

~~Bomba lako jipya lirudishe dukani.~~ Bomba lako litumie kwenye nyanya. Lakini mfereji uachwe.

Asubuhi uliuziba kwa gunia la mchanga pale kijitoni, ukaja mezani ukasema, “Mama, mtaro wenyewe unavuja tu, maji yananywewa na nyasi!” Na kinywa chako kilikuwa kimejaa magimbi. Hayo magimbi, mwanangu, yanaota penye mvujo huo. Kila nilipomwambia marehemu baba yako auzibe, alicheka: “Acha uvuje, mama. Chai utainywa na nini?”

Kwa hiyo ondoa gunia. Leo ni chisi, siku ya kupumzisha ardhi, jembe haligusi udongo. Fungua njia ya maji kwenda kwenye matuta kwa kisigino, kama alivyofanya yeye kila chisi. Nilizoea kumtazama kutoka dirisha hili, suruali ameikunja, anayatangulia maji huku anayasemesha.

Tangu tumzike, sauti ya maji hayo ndiyo inayonipokea njiani. Nikirudi leo, nataka kuisikia kabla sijafika langoni.

Mama yako