Radhi Yako, Mwalimu wa Skwoshi

Shoga yangu mpenzi, Mwalimu Tabitha,

Barua hii naipeleka gazetini kwa sababu mbili. Kwanza, sijui uliko. Nikiuliza naambiwa umehamishiwa bara, na bara ni kubwa. Pili, nilikukana mbele za watu, basi si haki nikutake radhi kwa siri. Unajua nilitolewa shule darasa la nne. Palipokosewa nivumilie, kama ulivyozoea.

Unakumbuka siku uliyohamia ghorofa ya juu ya nyumba yetu hapa Mkomani, katika mji wetu wa Amu mnaouita Lamu? Maimuna wangu alikuwa na miezi minne, baba yake yuko Mombasa bandarini, na mchana kutwa sisikii sauti ila ya mavyaa, mama wa mume wangu, akigombana na paka. Ukaja na sanduku la bati na raketi mbili zilizofungwa kwa kanga. Nikakuuliza, "Mwalimu, hizi za kuchekechea nini?" Ulicheka hata ukakaa ngazini.

Ukanieleza ni za skwoshi, mchezo wa ndani ya kuta nne, watu wawili wanaupiga mpira ukutani kwa zamu, na anayeshindwa kuurudisha, mwenzake amepata. Ulifunzwa chuo cha ualimu, katika chumba walichokuwa wakichezea Wazungu. Nikakwambia, "Kama ni kuta nne, Amu hatuna upungufu." Nilikuwa nimeshaifikiria ile nyumba ya nyuma yetu, paa lilishaanguka zamani, kuta zimesimama juu, hakuna dirisha la jirani linalochungulia.

Ulikataa. "Mimi mgeni hapa, Mama Muna. Watu watasema nini?"

Nilikuomba siku tatu mfululizo. Mimi ndiye niliyekuomba. Naliandika hapa lisomeke.

Tukafagia sakafu. Ukachora mstari wa mkaa ukutani, mpira ukigonga chini yake umekufa. Kila alasiri mavyaa akilala, navua buibui mlangoni, najifunga kanga kiunoni, Maimuna namlaza mkekani chumba cha pili penye kivuli. "Ishike kama unampa mtu mkono," ulinambia. Siku ya kwanza sikuugusa mpira hata mara moja. Nilipiga hewa, nikapiga na goti langu mwenyewe. Ulisema kwenu asubuhi za baridi mpira haudundi mpaka uutie kwapani kama yai, lakini hapa kwetu ulitoka mfukoni unaruka kama umepandwa na wazimu. Na ule ukuta wa nyuma ulikuwa na vidaka, vile vishimo vya kupangia sahani, basi mpira ukiingia humo tunasema umekwenda kutazama vyombo, tunaanza upya.

Nilipoanza kuuweza, nikaingia kosa jingine. Kila mpira nilikuletea mkononi. Kona uliyo mbali nayo niliiona, nikaiacha. Wewe mgeni, na mgeni hakimbizwi. Siku moja ukasimamisha mchezo, umeshika kiuno.

"Mama Muna, unanionea huruma?"

"Sikuonei huruma. Nakukirimu."

"Nikirimu kwa chai! Hapa nikimbize!"

Nikakupeleka kona. Ukakimbia, ukakosa, bega likagonga ukuta, ukageuka na chokaa mgongo mzima unanipigia makofi. Tangu nizaliwe sijaona mtu akafurahi kwa sababu mimi nimemshinda. Wewe hukujua lilivyoniingia lile. Mimi nilirudi nyumbani nikamwogesha mtoto naimba, mavyaa akaniuliza kama nimepata barua ya mume wangu.

Kisha siku ile. Niliupiga ule mpira mdogo mweusi kwa nguvu zangu zote, ukaruka juu ya ukuta, ukaangukia uani kwa jirani ambako wanawake walikuwa wakichagua mchele wa harusi. Ndani ya ungo hasa. Tukasikia mmoja anapiga yowe, "Nani anatutupia mavi ya mbuzi?" na mwingine, "Mbuzi gani huyo, mwenye mavi makubwa hivi!" Tulicheka, shoga yangu, tukashikana tukacheka, na bado tunacheka mavyaa, yowe limemwamsha, akatokea mlangoni, wanawake sita nyuma yake. Akanitazama. Kichwa wazi, jasho, raketi mkononi.

"Ewe mwana! Ni nani aliyekuonyesha ndia hii?"

Nikasema, "Ni mwalimu, mama. Mimi sikutaka. Amenilazimisha."

Ulinitazama, ukangoja. Nafasi ya kusema kweli ilikuwapo, ndefu tu, ukanipa mwenyewe, nami nikainamisha kichwa. Ukaiokota raketi niliyoidondosha, ukaondoka.

Neno likatembea kutoka Mkomani mpaka Langoni, kwamba mwalimu wa bara anawavua wake za watu buibui. Wasichana wawili wakatolewa darasani kwako. Ukaomba uhamisho. Siku ya kuondoka nilisikia sanduku lako likishushwa, ngazi moja, ngazi ya pili, nami niko nyuma ya mlango na Maimuna titini. Ulisimama kidogo pale nje. Sikufungua.

Miezi minane sasa. Wanawake ni wengi mtaani na sina wa kusema naye. Mume wangu huandika mistari mitatu, yote salamu.

Ijumaa iliyopita walikuja wageni kunywa kahawa. Mavyaa akaanza kisa chako kama kawaida yake. "Yule mwalimu! Laiti mungalimwona alivyomvua mke wa mwanangu buibui!" Wakacheka. Nikaweka sinia chini.

"Si yeye, mama. Ni mimi niliyemwomba. Siku tatu nilimwomba, na yeye hataki."

Bi mmoja akasema taratibu, "Haya. Leo ndiyo tumekunywa kahawa."

"Mbona hukunambia siku ile?" mavyaa akauliza.

"Nilikuogopa."

Akakunja pindo la leso yake. "Basi miezi yote hii namsengenya mwana wa watu," akasema. "Na hili Mungu hanisamehe mpaka yeye mwenyewe anisamehe. Mtafute. Ukimpata, nami nitakie radhi." Kisha akaurudia ukali wake: "Na kule usirudi. Sisemi kwa aibu, ule ukuta utakuua."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mama za wale wasichana. Mmoja amerudi shule. Wa pili keshaozwa. Hilo siwezi kulirudisha, na sitakuficha.

Sikuombi urudi Amu, Tabitha. Naomba radhi yangu na ya mavyaa. Ukiwa bado una hasira, niandikie hiyo hasira, nitaifurahia kwa kuwa ni mwandiko wako. Naamini utaandika. Sijui kwa nini naamini, lakini kila mtu akitoka posta namtazama mikononi.

Maimuna anatembea. Alianza kabla ya Idi, hatua nne kutoka mlangoni mpaka kwangu. Nilimbeba nikapanda mbio kuja kukuonyesha, nikafika nusu ya ngazi ndipo nikakumbuka kuwa juu hakuna mtu.

Shoga yako aliyekukosea,
Mama Muna,
Mkomani, Amu