Chuma Kichwani mwa Baba

Jumanne, 3 Desemba 1996

Mama kapata siku ya heri. Jumapili alfajiri wanamfukua Baba, kama ilivyo desturi yetu mwili ukishaoza, waoshe mifupa, wamhamishie kaburi la kudumu. Nyumba nzima inazungumzia kuku na wali wa kunata. Mimi nawaza kichwa chake tu.

Alirudi kutoka vita vya kusini, nikazaliwa, akalima. Miaka baadaye akaanza kuanguka kifafa, mpaka kikamuua. Mwenyewe alisema ni chuma, kipande cha bomu kilichobaki kichwani. Daktari wa wilaya hakukubali wala hakukataa. Kama kipo, Jumapili kitaonekana.

Eh Baba, kiwepo!

Jumatano, 4 Desemba

Bwana Thuoc kaja kumsaidia Mama kuchagua jeneza dogo la udongo. Alikuwa kikosi kimoja na Baba. Nikamuuliza kuhusu chuma.

"Nani hakuwa na chuma, binti? Mimi naogopa yale maji. Ndege zilimwaga dawa, msitu mzima ukapukutika, na sisi kiu ikitubana tukachota mtoni tukanywa. Tamu kweli!"

Akacheka. Akaliona tumbo langu la mimba, kicheko kikakatika.

Najua kwa nini. Mwanawe alizaliwa bila macho. Mjukuu wake pia. Chuma hakirithiwi. Sumu je?

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemwomba Mjomba Khoat niende nao makaburini. Wapi!

"Mja mzito kwenye mifupa? Unataka mtoto au unataka mkosi? Kaa jikoni, utuchemshie maji. Baba yako hana haraka ya kukuona."

Mama hakucheka. Kaniambia pembeni kwamba fuvu ataliosha yeye, kwa mikono yake, na ataniambia atakachokiona. Nikamuuliza, ukweli? Akajibu: Ukweli.

Mtoto anacheza sana leo. Naogopa hata kumgusa.

Jumapili, 8 Desemba

Wameondoka kabla ya jua. Nimebaki mimi na sufuria la majani ya balungi, wanawe mkosi wa makaburini wakirudi. Baridi.

Sauti njiani — wanarudi!

Baadaye. Kipo! Mama kasema kipo! Kichwani, kama punje ya mahindi. Nimelia kama mtoto, nimemrukia shingoni. Alisimama tu, mikono ikimchuruzika maji. Nikaomba kukiona. Mja mzito haruhusiwi, na tena wamekizika naye. Haya, sawa. Sawa!

Nikampelekea Mjomba chai uani. Nikamwambia, kumbe kachuma kadogo vile kanaua mtu mzima! Mjomba, anayetania hata msibani, alimtazama Mama. Kisha akainamia kikombe. "Ndiyo, mwanangu. Kunywa na wewe chai, kuna baridi."

Mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo.

Sasa hivi Mama kaingia. Anasema kesho mapema tuwahi hospitali ya mkoa, nikapigwe ultrasaundi. Mama! Aliyeapa kwamba mashine ile inamtisha mtoto, aliyegombana na mume wangu kwa ajili ya mashine hiyohiyo. Kesho anakwenda nami mwenyewe. Baiskeli ya Bwana Thuoc ameshaiazima.

Nimemuuliza, kama chuma kilikuwepo, tunakwenda kutafuta nini?

Amekaa kizingitini, kanipa mgongo. Anakwangua udongo wa makaburini kwenye viatu vyake. Vimeshatakata. Bado anakwangua.