Bomba Lisilooshwa

Mpendwa Mama,

Furu wamerudi! Nimeanza na hilo hata kabla ya salamu, unisamehe, moyo unanidunda tangu asubuhi. Nilishuka bondeni kuteka maji nikawaona chini ya jiwe lako la kufulia, samaki wadogo, wengi, wanakimbizana. Niliangua kicheko peke yangu. Kisha nikalia kidogo, maana wewe ndiye uliyestahili kuwaona.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusuka mgono wa kunasia samaki na kuutega penye mafunjo? Ulinitania kwamba mgono wangu una matundu ya kuwaonyesha samaki njia ya kutokea. Hata hivyo tulikula. Ndizi za Kanazi na furu wa kijito chetu, nani alihitaji samaki wakavu wa Kemondo?

Halafu Bwana Shamba akaleta dawa ya kahawa, mrututu wa buluu uliochanganywa na chokaa, na bomba moja la kupulizia kwa mtaa mzima. Nasi Wahaya na adabu zetu, chombo cha watu hakitoki kwako kichafu. Kwa kuwa maji yako mbali bondeni, kila nyumba ilishuka nalo hadi kijitoni, ikalisugua likang'aa, ndipo ikampelekea jirani.

Samaki wakaanza kuja juu wakitweta, matamvua yamejaa utelezi. Watu walisema kuna mtu ametia utupa, ile sumu ya majani ya kulevya samaki, wakawaokota kwa furaha. Lakini maji yaliyotiwa utupa hupona upesi, yetu hayakupona. Akabaki kamongo tu, naye ni mwiko wa ukoo wetu, hatumli. Majirani wakanong'ona kwamba kamongo wetu amewameza wenzake. Wewe ulikaa kwenye jiwe lako ukitazama maji mpaka kufua ukasahau. Jioni ukamwambia Baba, "Kamongo anapanda juu kuvuta hewa. Hawa wengine wanavuta kile tunachowaoshea."

Tangu hapo ukawa unalipeleka bomba bila kuliosha, ukisema mabaki yachanganywe na dawa ya anayefuata, yaishie kwenye mibuni. Loo, ulivyosemwa! Mama Rwegasira, jirani yetu aliyeolewa kutoka Muleba, rafiki yako wa kuchekeana naye, alilipokea kwa ncha za vidole, akasema hajawahi kutukanwa hivyo mlangoni kwake. Akaacha kukusalimu hata mkitoka misa. Uliumia, Mama, niliona. Ulifariki hamsemezani, na watu wakikuita mchafu, wewe uliyekuwa ukifagia hadi chini ya migomba.

Matanga yalipokwisha Baba aliomba jambo moja: kwa msimu ule tu wa kupulizia, bomba lisifike kijitoni. Mfiwa hanyimwi. Majirani walikubali kwa kumhurumia yeye, si kwa kukuamini wewe. Mvua kubwa zikanyesha, zikalisafisha bonde. Sasa msimu mwingine umeanza, ahadi yao imekwisha, na siku zote hizi nimekuwa nikiogopa kuuliza kama bomba litarudi kuoshwa kijitoni.

Basi leo nilipanda kilima mbio, ndoo nimeiacha huko huko, nikiita kila mlango. Mtaa mzima ukashuka kutazama. Baba alichutama ukingoni akatabasamu, jambo ambalo hajalifanya tangu tukuzike. Mama Rwegasira alisimama nyuma ya watu, akatazama sana, akaondoka.

Alasiri nikamwona anakuja kwetu na bomba, zamu yake imekwisha. Alilibeba kwa mikono miwili, buluu ikimchuruzikia hadi kwenye kanga yake ya misa. Akapiga magoti mlangoni pako.

"Waitu, sijaliosha," akasema, kwa neno letu la heshima.

Nami nikapiga magoti, Mama, nikalipokea kwa niaba yako. Mikono yangu ni ya buluu hadi sasa ninapokuandikia. Pumzika, jina lako limeoshwa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.